Mkwaju wa Friji

Tarryn Muldowney hakuitwa Tarryn na mtu yeyote isipokuwa mama yake mzazi na polisi wa barabarani. Mji mzima wa Port Hallam ulimwita Friji, na yeye mwenyewe akipokea simu alisema, "Friji hapa." Jina lilitokana na kazi. Alikuwa dereva wa lori la duka la vyombo vya umeme, akipeleka mafriji na mashine za kufulia majumbani, na siku ambayo mwenzake hakufika kazini alilifunga friji kwa mkanda, akaligeuzia mgongo, akapanda nalo ngazi peke yake huku akimuuliza mwenye nyumba angependa mlango ufungukie upande gani. Mwanamke wa namna hiyo, ukimwona uwanjani anakuja upande wako na mpira kwapani, unakumbuka ghafla kwamba una watoto nyumbani wanaokutegemea.

Alichezea Kasuku Weusi, timu ya wanawake ya raga ya ligi, ile ya wachezaji kumi na watatu kila upande, ambayo watu wa Port Hallam huihudhuria kuliko kanisa. Nafasi yake ilikuwa mstari wa mbele. Kazi ya mstari wa mbele ni moja tu: pokea mpira, kimbilia ukuta wa watu, anguka, amka, rudia. Wengine ndio wanaofunga trai, yaani kuulaza mpira chini ng'ambo ya mstari wa wapinzani, na kupigwa picha. Friji katika miaka yake yote alikuwa amefunga trai mbili, na moja ilitokea kwa sababu wenzake walimwangukia wakati yeye na mpira wamelala juu ya mstari. Akiulizwa kuhusu hiyo aliisimulia kama mtu aliyewapiga chenga watu wote wa mji jirani.

Timu hiyo leo ina basi la viti vya kulala, ina daktari wake, ina mtaalamu wa lishe anayewapigia wachezaji simu kuwauliza wamekula nini. Mwanzo haukuwa hivyo. Mwanzo walikuwa wanawake kumi na wawili, yaani hata timu hawatimii, waliokwenda kwa wazee wa kamati ya klabu ya wanaume kuomba uwanja. Wazee wakajikuna vichwa, wakasema haya, mtafanya mazoezi watoto wadogo wakishamaliza. Sasa mlinzi alikuwa na mazoea ya kuzima taa watoto wakiondoka, kubana umeme, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna wengine. Basi msimu mzima wa kwanza wanawake wale walijifunza kupeana pasi gizani, kwa kuitana majina. Mpaka leo Kasuku wana kelele uwanjani kuliko timu yoyote, na watangazaji wa redio hudhani ni mbinu.

Jezi zao zilikuwa zile za wanaume zilizochakaa, mikono ikiwafika kwenye vidole. Hela ya petroli na bima walitafuta kwa bahati nasibu ya nyama. Kila Ijumaa jioni walipita meza kwa meza pale baa ya klabu, wamebeba sinia la soseji na chopsi za kondoo, wakiuza tiketi. Friji alikuwa muuzaji wa kuogopwa. Hakusema neno. Alisimama tu kati yako na televisheni mpaka ununue. Wiki moja nahodha wao, Raelene Hogarth, alishinda sinia yeye mwenyewe, ukazuka ugomvi mkubwa wa kuitana wezi, na ili kuleta amani wakaliwasha jiko la nje wakaichoma nyama yote na kuwalisha wateja. Wateja wakanogewa. Wiki iliyofuata wakataka iwe hivyo hivyo, na iliyofuata tena, na timu nusura ifilisike kwa ukarimu.

Halafu ligi kuu ya wanawake ikafungua milango, Kasuku Weusi wakakubaliwa, na ikaja siku ya mikataba. Raelene, ambaye wakati huo alishakuwa kocha, alimwita Friji ofisini na kumsogezea karatasi. Friji akasoma, akauliza kama wana hakika si mtu mwingine wanayemtaka. Akasaini. Akashuka mpaka kwenye lori lake, akafunga mlango na vioo, akapiga ukelele wa furaha hata watu wa mtaa wa pili wakatoka kuangalia nani kagongwa.

Ndani ya mambo yote hayo kulikuwa na Errol Vassallo. Errol ni mwokaji, ana duka la mikate na pai za nyama mtaa wa bandarini. Mtu mfupi, mpole, mwenye unga kidogo usoni hata Jumapili. Friji alimpelekea friji siku moja, mlango wa duka ukawa mwembamba, akaung'oa mlango kwenye bawaba, akaingiza mzigo, akaurudishia mlango mahali pake. Errol akamuuliza kama angependa pai. Alikula nne akiwa amesimama, akashukuru, akaondoka. Kesho yake Errol akapiga simu dukani kwao kuagiza friji la pili. Hakulihitaji hata kidogo. Mpaka leo lipo uani, halijawahi kuchomekwa kwenye umeme, na paka amelifanya nyumba.

Walichumbiana upesi. Kuoana ndiko kulikoshindikana. Mara ya kwanza kambi ya mazoezi iliangukia siku ya harusi. Mara ya pili Friji alivunjika taya wiki ile ile, akafungwa waya mdomoni, na msajili wa ndoa akaeleza kwa upole kwamba bibi harusi hutakiwa kusema maneno yake yakasikika. Mara ya tatu ndiyo ambayo watu huogopa kuitaja mbele ya Bi Carmena, mama yake Errol. Asubuhi ya harusi yenyewe, timu ya mtaani ya rafiki mmoja wa Friji ilipungukiwa mtu. Friji akasema atawachezea kipindi cha kwanza tu, atarudi kabla msusi hajafika. Akacheza vyote viwili. Halafu gari likapata pancha. Alipoingia ukumbini na gauni lake, na matope magotini, msajili alishakwenda kwenye harusi nyingine na wageni walishafika katikati ya keki.

Bi Carmena alimwambia mwanawe, mbele ya kadamnasi, atafute mwanamke anayecheza karata. Errol hakusema kitu. Na hilo ndilo lililomkata Friji maini. Laiti angepaza sauti, wangepaza wote wawili, yakaisha. Yeye alikunja vitambaa vya meza kimoja kimoja, akawasindikiza wageni mpaka kwenye magari yao, akamchukulia Friji kipande cha keki kwenye sahani. Friji alilia usiku kucha, na si mtu wa kulia.

Kwa hiyo alipotangaza kwamba msimu huu ndio wa mwisho, kwamba goti la kushoto limeanza kulalamika kama mlango wa banda la kuku, harusi ilipangwa kwa akili. Ikawekwa Jumamosi baada ya mechi ya mwisho ya msimu. Ni kweli kwamba Jumamosi hiyo ndiyo pia ya nusu fainali, lakini nani angewaza nusu fainali? Tangu waanze kulipwa, Kasuku walikuwa hawajaingia nne bora hata kwa kuota, na mwaka huu walikuwa wa tano, nyuma kwa mbali. Raelene mwenyewe alichangia maua. Friji akamshika Errol mabega yote mawili.

"Jumamosi hiyo, Errol, hata wakinileta kwa machela," alimwambia. "Hakuna mpira utakaonizuia. Nikivunja ahadi tena, wewe nenda zako na mimi sitakulaumu."

Errol akasema sawa. Bi Carmena akalichukua lile gauni, akalipanua kiuno kwa mara ya nne, sindano mdomoni, bila kutoa maoni.

Mechi ya mwisho ilikuwa Jumapili, nyumbani, dhidi ya Wirralee, ambao ndio waliokuwa mkiani. Siku yenyewe ilikuwa ya kichaa tangu asubuhi. Mashabiki walikuja wamevaa maboksi ya mafriji, wametoboa matundu ya macho, kiasi kwamba jukwaa la magharibi lilionekana kama ghala. Watu waliketi nyuma ya maboksi wakigombana na maboksi. Mtu mmoja alishindwa kupita mlangoni na boksi lake, likabidi lipitishwe juu ya ukuta na yeye akiwa ndani. Bi Carmena aliketi safu ya mbele na Errol, mkoba mapajani, amevaa kama mtu aliyekuja kutoa ushahidi mahakamani.

Dakika za mwanzo, msichana mnene wa Wirralee alimkaba Friji, wakaanguka pamoja, na wakati wanaamka akamuuliza, "Mama, bado linagandisha hilo?"

"Sogea karibu uone," Friji akamjibu, na mara iliyofuata alimpitia yule msichana na wenzake wawili, akawaacha wamekaa kwenye nyasi kama watu waliokuja kula mchana wa sikukuu.

Kuanzia hapo kila kitu kiliwanyookea Kasuku. Mpira ukidunda, ulidunda upande wao. Pasi za ovyo ziliangukia mikononi. Beki wao mmoja alifunga trai huku kiatu kimoja kimemtoka, mwingine alifunga akikimbia kinyumenyume bila kujua amefikaje. Wirralee walichoka, halafu wakakata tamaa, halafu wakaanza kucheka na wao, maana hakukuwa na la kufanya. Mtu wa ubao wa matokeo, ambaye huning'iniza namba kwa mkono, aliishiwa na vibao akaanza kuandika kwa chaki. Raelene alikuwa amepiga marufuku simu na redio kwenye benchi ili wachezaji watulie, na pale benchi walikuwa wanaimba.

Sasa kuna desturi moja katika mchezo huu. Trai ikifungwa, timu hupewa nafasi ya kuupiga mpira kwa mguu upite katikati ya milingoti miwili, juu ya mti unaoiunganisha, na ukipita ni pointi mbili za nyongeza. Kasuku wana mpigaji wao, Mele Lolohea, binti wa miaka kumi na tisa mwenye mguu usiokosea, ambaye humwita Friji anti na alikuwa amechaguliwa kuwa msimamizi wake wa harusi. Lakini mtu wa mstari wa mbele akiwa anastaafu, na timu yake imeshashinda kwa mbali, basi mkwaju wa mwisho hupewa yeye. Ni utani wa kuagana. Watu wale hawajui kupiga. Mpira huenda kwenye maegesho ya magari, au huenda kwa muuza soseji, na uwanja mzima hucheka mpaka machozi, na mzee wa watu huondoka kwa heshima zake.

Kengele ya mwisho ililia wakati Kasuku wakifunga trai nyingine, mita chache tu kando ya mlingoti wa kushoto. Maboksi yote yakasimama. "Friji! Friji!" Wenzake wakamfuata wanakimbia, mmoja kamparamia mgongoni, Mele kamletea mpira kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto mchanga. Friji akaupokea, akawapa mashabiki busu la mbali, akajifanya ananyoosha misuli. Alikuwa na furaha isiyo na doa. Saa moja ijayo ni bia, siku sita zijazo ni harusi.

Lakini sikiliza yaliyokuwa yakiwatokea Castleby. Castleby ndio walioshika nafasi ya nne, na siku hiyo walicheza ugenini, mji mwingine, mechi iliyoanza mapema kidogo. Walikuwa mbele mpaka mapumziko, kwa hiyo kila mtu akaacha kuwafuatilia. Ili Kasuku wawapite ilihitajika Castleby wachapwe bila huruma na Kasuku washinde kwa gharika, yote mchana mmoja, na mambo hayo hayatokei. Yakatokea. Kipindi cha pili Castleby walisambaratika, wakafungwa na kufungwa tena. Wakiwa sawa kwa mechi walizoshinda, ilibaki kuhesabu pointi za kufunga na kufungwa, na hapo Castleby walikuwa wamewazidi Kasuku kwa pointi moja. Moja. Na Friji ameshika mpira wa pointi mbili.

Aliyemwambia Raelene ni shabiki mmoja ndani ya boksi, aliyejitupa juu ya uzio na simu mkononi. Raelene akamwambia arudie. Akarudia. Raelene akalishika lile boksi kwa pande zote mbili akalitikisa, kisha akageuka akamsukuma Noreen, mama anayebeba chupa za maji za timu, akamwambia kimbia. Noreen hajakimbia tangu ujana wake, lakini alikimbia. Na kule jukwaani habari ilikuwa inatambaa safu kwa safu, na kicheko kikawa kinakufa kila ilipofika.

"Kocha anasema mpe Mele," Noreen alisema akitweta. "Castleby wamechapwa. Huu ukiingia, tuko nne bora. Usipoingia, tumekwisha."

"Nne bora wanacheza lini?" Friji aliuliza, ingawa alijua.

"Jumamosi."

Friji akampa Mele mpira. Hakuwaza, mikono ndiyo iliyompa. Kisha akasimama pale na mikono yake mitupu, na kila kitu alichokuwa amekiahidi kikamjia kifuani kwa pamoja. Alitazama jukwaani akamtafuta Errol, lakini watu walikuwa wamesimama.

Mele naye alitazama huko huko. Kisha akasogea karibu, mpira tumboni, akanong'ona.

"Anti, nikiukosa nani atajua?"

"Hujawahi kukosa kutoka hapa."

"Basi nitakosa leo. Nasema kweli. We niambie tu, naupeleka kwenye maegesho. Wewe ukaolewe."

Friji alimtazama yule mtoto. Msichana aliyeota mchezo huu tangu hajui kufunga kamba za viatu, aliyekuwa tayari kuutupa msimu wa wenzake na jina lake mwenyewe, ili shangazi wa kuokota aolewe Jumamosi. Alimpenda. Na kwa muda mfupi, tena usiofichika, alitaka kusema ndiyo. Angesema ndiyo na angeolewa, na hakuna ambaye angejua mpaka kiama.

Akampokonya mpira.

"Lete hapa. Ukikosa wewe utakuwa umewaongopea wote. Nikikosa mimi, nimekosa tu."

Mjanja angesema amejitafutia mlango wa nyuma. Kweli ulikuwepo, tena umeachwa wazi: nani angemlaumu mtu wa mstari wa mbele kwa kukosa? Alikuwa analijua hilo wakati anauweka mpira kwenye kitako chake cha plastiki, akaukosea, akauweka kinyume, Mele akamgeuzia. Pembeni Raelene alikuwa ameshika kichwa na kupiga kelele ambazo hazikuwa za kufundishia. Mwamuzi akaonyesha saa yake. Friji akarudi nyuma, na hapo ndipo alipomwona Errol. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za jukwaa, simu sikioni, ameupa uwanja mgongo.

Hakumlaumu. Aliona uchungu, lakini hakumlaumu. Nani angetaka kuangalia?

Akaanza kukimbia. Alisema baadaye kwamba hakuwa ameamua chochote, kwamba alianza kukimbia bila kujua anakimbilia wapi, na katikati ya njia mwili wake wote ukaamua. Alitaka uingie. Alitaka kwa tamaa ya wazi, ya kitoto, isiyo na adabu, kwa ajili ya zile pasi za gizani na mikono mirefu ya zile jezi, na kwa ajili yake mwenyewe pia, kwa sababu alikuwa anaupenda mchezo huu na hakutaka uishe leo. Akaupiga kwa ncha ya kiatu, kizamani, kama mtu anayefungua mlango kwa teke.

Mpira uliondoka vibaya. Ulikwenda ukiyumba kama kuku aliyerushwa kutoka kwenye lori, ukapinda kushoto, ukagonga mlingoti. Ukaruka, ukaangukia ule mti wa katikati unaounganisha milingoti, ukadunda juu yake mara moja, ukakaa. Nasema ukakaa. Watu wa Port Hallam watakuapia kwamba ulikaa pale ukifikiria. Kisha ukaangukia upande wa nyuma.

Wasaidizi wa mwamuzi wakainua bendera zao: umeingia.

Hapo hapana masimulizi. Maboksi yaliruka hewani, mengine yakiwa na watu. Noreen alimwaga chupa zote za maji juu ya Raelene, na Raelene akamshukuru. Wachezaji wa Wirralee, ambao hawakuwa na faida yoyote, walikumbatiana na waliowafunga. Mele alikuwa amekaa chini akilia na kucheka, hawezi kuamka, na mtu wa ubao wa matokeo akavunja chaki. Friji peke yake alitembea. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye uzio wa jukwaa la magharibi, machozi na jasho havitofautiani, huku wenzake wakimvuta jezi na yeye akiwakokota bila kuwaona.

Errol alikuwa anashuka ngazi, akipenya kati ya maboksi. Akafika kwenye uzio.

"Errol," Friji akasema. "Nimevunja tena."

"Nimeona."

"Nilikuambia uende zako. Sitakulaumu."

"Jumanne saa nne asubuhi," Errol akasema. "Msajili ana nafasi. Ukumbi wamegoma, kwa hiyo ni pale dukani. Tutasogeza meza ya unga."

Friji alimwangalia bila kuelewa. "Ulikuwa unaongea naye? Pale, nilipokuwa napiga?"

"Nilimpigia ulipompokonya yule mtoto mpira. Mtu anayetaka kukosa hapokonyi."

"Nilidhani umenigeuzia mgongo kwa hasira."

"Kelele, Friji. Nilikuwa simsikii."

"Lakini hakuna aliyedhani utaingia. Uwanja mzima. Hata mimi."

Errol alifikiri kidogo, kama afanyavyo akiulizwa mkate uko tayari au bado. "Na usingeingia, ningempigia tena, nimwambie tumerudi Jumamosi," alisema. "Mimi nataka kukuoa, bibie. Siku ni ya msajili, na mpira ni wa kwako."

Friji akauinamia uzio, akakiweka kichwa chake kizito begani kwa mwanamume yule mfupi, akalia kwa sauti mbele ya mji mzima. Alilia kwa furaha, na kwa aibu kidogo, kwa sababu miaka yote hiyo alikuwa akimwomba radhi mtu ambaye hakuwa akimdai.

Jumamosi kwenye nusu fainali walichapwa, tena vibaya; hilo nalisema hapa lipite. Jumanne ndiyo siku ya kusimuliwa. Raelene aliahirisha mazoezi, timu nzima ikajazana dukani na sare zao, wengine wamekaa juu ya magunia ya unga, na friji la mbele likalia katikati ya maneno ya msajili mpaka bibi harusi mwenyewe akaenda kulipiga kibao likanyamaza. Mtaalamu wa lishe alikula pai akijificha nyuma ya mlango. Friji alikuwa na barafu kwenye paja, imefungwa chini ya gauni. Bi Carmena hakukaa na wageni. Tangu mwanzo alisimama mlangoni, mikono ameinyoosha toka ubao huu mpaka huu, uso nje, akiwatazama wapita njia mmoja mmoja, na hata mpeleka barua wa mtaa ule alirudishwa na furushi lake bila maelezo. Alisikia nyuma yake msajili akiuliza, akasikia mwanawe akijibu, akasikia sauti nene ya Friji ikijibu, kisha kalamu juu ya karatasi, mara mbili. Ndipo akashusha mikono. Akageuka, akamwona mkwewe amesimama pale na pete, unga umemjaa gauni zima, na akamwambia kwamba sasa anaweza kwenda kucheza kila siku ya wiki akitaka, na chajio atakuta kimewekwa.